Bomba la Gesi na Chetezo cha Mkwe Wangu

Nyinyi vijana mnaobingirisha mitungi ya gesi pale bandarini Kismayo, mmoja ana sigara mdomoni na mwingine amekalia mtungi anakunywa chai, mimi huwatazama nikapita zangu. Nimestaafu, na mzee akisema sana barabarani huonekana jua limempiga. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Anayetaka asome, asiyetaka aendelee kubingirisha.

Kabla ya vita, wakati nchi ingali na serikali moja, kampuni fulani ilijenga bomba la gesi ya kupikia hapa kwetu. Lilitoka gatini, likapita pembeni mwa mji, likaishia kwenye matangi huko vichakani. Leo hakuna hata kipande chake. Lakini mimi nililifanyia kazi tangu lilipokuwa mstari wa penseli mpaka siku liliposhiba, na mengi niyajuayo juu ya gesi niliyajulia humo.

La kwanza ni hili. Gesi hiyo ikija na meli si hewa. Imebanwa mpaka imekuwa maji, na ndani ya bomba hupita kama maji. Ikipata tundu hutoka ikarudi kuwa hewa, lakini ni hewa nzito, haipandi juu. Hutambaa chini ikatafuta pa kulala: mtaro, shimo, bonde, tumbo la mashua. Hulala hapo huioni, ikingoja mtu alete moto. Somo hilo nilipewa na Mhandisi Jaama siku yangu ya kwanza kazini, na gesi hiyo hiyo ndiyo iliyotaka kuniulia baba mkwe na kunivunjia nyumba. Nitafika huko. Nianze na kazi yenyewe, maana bila kazi hamtaelewa ugomvi.

Jaama alikuwa mtoto wa Kismayo, mrefu, aliyesomea ng'ambo akarudi na miwani na tabia ya kutembea saa za jua kali. Alisema asubuhi kila ardhi ni nzuri. Ukitaka kuijua ifuate mchana. Mstari wake wa kwanza aliupiga kwa rula juu ya ramani, umenyooka kabisa. Tulipoufuata kwa miguu ukatuingiza makaburini, ukatutoa kisimani, ukatupeleka pale watu wanapopandishia mashua kuzisugua. Jaama hakubishana na mtu. Aliketi na wenye makaburi, akaketi na wenye kisima, akaketi na wenye mashua, na kila alipoinuka mstari ulikuwa umepinda kidogo. Mgeni mmoja wa kampuni alilalamika kwamba bomba limekuwa nyoka. Jaama akamwambia nyoka hupita bila kugombana na mtu.

Kisha kulikuwa na vigingi. Tulipigilia vigingi vya mti kuonyesha njia, vimechongwa vizuri, vimekauka vizuri, na usiku mmoja haukupita kabla havijaanza kuingia jikoni. Tukavipaka rangi nyekundu. Vikaungua na rangi yake. Tukaleta vya chuma, na hivyo navyo vikapotea, mpaka baharia mmoja aliyetoka Burgao akatuambia ameona mitumbwi ya huko imetiwa nanga kwa vyuma vyekundu vinavyofanana sana na vyetu. Baadaye tulipanga mawe ya matumbawe na kuyapaka chokaa. Mawe hayakuibiwa. Mkija kupima njia hapa, anzeni na mawe.

Mafundi wa kuchomelea walitoka Mogadishu, walikuwa hodari, na joto la huku likawafundisha adabu. Chuma kikipata jua hurefuka. Mmoja wao aliunga kiungo cha mwisho cha sehemu moja saa za adhuhuri, akajisifu, akaenda kula. Usiku bomba likapoa, likajikunyata, na asubuhi tukalikuta limeng'oa vishikio vyake viwili. Tangu hapo kiungo cha mwisho kiliungwa baada ya sala ya alfajiri, chuma kingali baridi. Na kabla ya kulilaza mtaroni tulichekecha mchanga tukalitandikia, maana jiwe la matumbawe likibaki chini hukata lile vazi la bomba, na chuma kikishaguswa na chumvi hakina maisha.

Vazi lenyewe ndilo lililomleta baba mkwe wangu. Bomba la chini ya ardhi hupakwa lami ya moto, halafu huzungushiwa utepe mpana, kila mzunguko ukipanda kidogo juu ya mwenzake, bila kubakiza tundu. Kampuni ilitafuta watu wenye subira ya kazi hiyo. Na nani ana subira ya kuziba matundu kuliko mafundi wa mashua? Fundi Shee wa kisiwa cha Chovae alikuwa amejenga mashua tangu ujana wake, lakini miaka ile waliokuja kuagiza mashua walikuwa wachache. Alikuja Kismayo na watu wake, akaangalia bomba, akaligonga kwa kidole, akasema hiki nacho ni chombo ila kimekosa tanga.

Nilikuwa nimemuoa bintiye, Mwanaesha. Kwa hiyo tukawa kazini pamoja, yeye mkuu wa wazungusha utepe, mimi mwangalizi wa moto, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Jaama alikuwa na brashi ya umeme ya kukagulia vazi. Ikipita juu ya tundu, hata dogo kama la sindano, hulia. Katika sehemu za Fundi Shee ilikuwa nadra kulia. Siku ilipolia, mzee alisimama pale akiwa amekunja uso kama aliyetukanwa, akakivua kipande chote kwa mkono wake, akakivisha upya, na siku hiyo hakuzungumza na mtu. Watu wake walimwogopa na kumpenda. Mimi nilimwogopa tu, kama inavyompasa mtu na mkwewe.

Kwetu, kama hamjui kwa sababu mmekulia mjini, baba mkwe humkatizi maneno, humtangulii njiani, humtumi. Ukiwa na jambo lake unamwambia mkeo, naye anamwambia mamake, naye mama anatafuta saa nzuri. Ni utaratibu mzuri kwa mambo ya harusi na matanga. Kwa mambo ya gesi haufai kabisa, lakini hilo hatukulijua, kwa kuwa hapakuwahi kuwa na gesi.

Kazi yangu ilikuwa moja: moto usikaribie bomba. Nilikuwa na bendera nyekundu, ndoo ya maji ya sabuni na kitambaa juu ya mlingoti cha kuonyesha upepo. Tukitafuta uvujaji tulipaka povu la sabuni kwenye viungo, povu likivimba tunajua. Msitafute uvujaji kwa kiberiti. Najua mnacheka, lakini nimemwona kwa macho yangu mtu akifanya hivyo, na nyusi zake zilichukua muda kurudi.

Bomba lilijaribiwa kwanza kwa maji, likasukumwa mpaka likaguna, likastahimili. Likakaushwa. Ikapangwa siku ya kuingiza gesi. Na siku zile zilipokaribia, Mwanaesha akaniambia babake anatafuta ubani mzuri.

Nilijua mara moja. Mashua mpya kwetu haiingii majini mikono mitupu. Husomwa fatiha, hufukizwa ubani kuanzia omo mpaka tezi, mbele mpaka nyuma, na anayeshika chetezo ni fundi mwenyewe aliyeijenga. Fundi Shee alikuwa amekivisha chombo hiki toka mwanzo hadi mwisho. Kwake ilikuwa aibu kukiacha kipokee mzigo wa kwanza bila ubani, na angewezaje kujua kwamba mzigo huu hautaki makaa?

Nilimweleza Mwanaesha vizuri. Nilimwambia siku ya gesi mtu yeyote akija na moto pale kwenye bonde la matangi atakufa yeye na walio karibu naye, na amwambie hivyo hivyo. Mwanaesha akasikiliza, akaenda kwa mamake. Baadaye nilikuja kujua alivyosema. Alimwambia mamake kwamba mimi nina wasiwasi na moshi siku hiyo. Angemwambiaje mamake kwamba mumewe atakufa? Mamake naye, mwanamke mpole sana, akangoja mzee amalize kula, akamwambia kwamba mkwewe anamwona amechoka, na kama atapenda siku ya gesi apumzike. Mzee akasema, "Mwenyezi Mungu ambariki mkwe wangu, lakini sijachoka."

Wote watatu waliongea kwa heshima. Sina wa kumlaumu.

Siku yenyewe upepo haukuwapo. Kitambaa changu kilining'inia kwenye mlingoti kama nguo ya kukaushwa. Jaama hakufurahi, akaagiza wafungulie pole pole. Gesi ikianza kuingia husukuma hewa iliyomo bombani, na hewa hiyo hutolewa mwisho wa njia, huko bondeni, ikiwa imechanganyika na gesi kidogo. Tulikuwa tumekwisha ondoa watu wote. Chuma cha vali ya pale bondeni, ule mlango wa kutolea hewa, kikaanza kufanya ukungu, halafu kikaota weupe, barafu tupu, hapa Kismayo, na mimi nikakigusa kwa kidole kama mtoto. Bondeni kulikuwa na utusitusi mweupe chini, chini ya magoti. Ulipotandaa ukatoweka, na harufu ya kitunguu kilichooza ikabaki. Jaama alikuwa amenifundisha kwamba ukungu ukiisha gesi haijaisha.

Nikainua macho nikamwona Fundi Shee anashuka mteremko upande wa pili. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, kikoi begani, na mkononi chetezo kinatoa moshi. Anakuja polepole, midomo inasoma. Watu wake wamesimama nyuma juu ya kilima, wamekunja mikono, wanamsubiri afike kwenye vali.

Nilisema, "Baba, ngoja kidogo." Nilisema kwa sauti ya mkwe, ile ya chini. Akainua mkono wa kushoto kuniitikia salamu, akaendelea kuja.

Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Baba, tafadhali." Akatikisa kichwa kunionyesha amesikia. Miguu yake ilikuwa inakaribia pale bonde linapoanza.

Basi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. "Shee! Simama hapo!"

Jina tupu. Bila baba, bila fundi, bila bwana, mbele ya watu wake, kutoka kinywani mwa mume wa bintiye. Alisimama pale pale. Hakusimama kwa sababu ya gesi, maana hakuiona. Alisimama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. Nilizunguka juu ya bonde mbio, nikamfikia kwa nyuma, nikakitoa chetezo mkononi mwake na kukipeleka mbali, mbali sana, nikazika makaa kwenye mchanga. Niliporudi hakuwapo. Watu wake nao walikuwa wameondoka, na walionitazama wakiwa wanaondoka walinitazama kama unavyomtazama mlevi msikitini.

Bomba lilijaa salama. Jaama alinishika bega, akasema nimefanya kazi. Sikuhisi kwamba nimefanya kazi. Nilikuwa na aibu ambayo mpaka leo nikiifikiria masikio yangu hupata joto.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mwanaesha anafunga nguo zake kwenye kanga. Alisema babake ametuma mtu. Arudi Chovae, na mashua inangoja. Nilimwuliza yeye anatakaje. Alisema, "Mimi nataka ninyi wawili muwe na akili. Lakini leo ni baba yangu aliyevunjiwa heshima, na mimi ni mwanawe." Akaondoka. Sikumzuia, na wala sikuwa na haki ya kumzuia.

Nilituma wazee. Walikwenda Chovae, wakarudi na jibu kwamba Fundi Shee hana ugomvi na kampuni wala na gesi. Ugomvi wake ni na mtu aliyemwita mbele ya watu kama anayeita mbuzi. Nikatuma tena, safari hii na kilemba na msamaha. Wakarudi na kilemba. Nyumba ikawa kimya. Kupika nilikuwa sijui, kwa hiyo mimi niliyelinda gesi ya mji mzima nilikula mkate mkavu.

Jaama ndiye aliyechoka kunitazama. Aliniita ofisini akaniambia, "Waryaa, we bwana, unapeleka maneno tu. Maneno ndiyo yaliyokuponza toka mwanzo. Safari hii tupeleke gesi."

Tukapeleka gesi. Tulichukua mtungi mdogo, mfereji wa bati kama ule wa kukingia maji ya mvua, na mshumaa. Mtungi niliufunga juu kwenye sitaha, sikuuacha uingie tumboni mwa mashua, na nahodha nikamkataza kuwasha sigara mpaka akanichukia. Tulipofika Chovae, Jaama alikwenda mbele kubisha hodi, maana yeye si mkwe wa mtu, ana ruhusa ya kusema. Alimwomba Fundi Shee dakika chache nyuma ya nyumba, palipo na ukuta wa kuzuia upepo. Mzee alikubali kwa sababu mgeni hakataliwi. Mimi nilisimama mbali, nimevua viatu. Mwanaesha alikuwa mlangoni na mamake. Hakunisalimu.

Jaama aliegemeza mfereji ukutani ukawa na mteremko. Chini kabisa akauweka mshumaa, akauwasha. Juu akafungulia mtungi kidogo tu, akaufunga, akaupeleka mbali. Hakukuonekana kitu. Mzee aliangalia mfereji, akaangalia Jaama, akaangalia mfereji. Ghafla moto ukatoka kwenye mshumaa ukapanda mfereji mzima, kutoka chini mpaka juu, kwa kasi ambayo jicho halikuifuata, ukazimika. Mama mkwe akajifunika uso na ushungi.

Fundi Shee alirudi nyuma hatua moja. Kisha akaomba afanyiwe tena. Alifanyiwa tena. Mara hii alichuchumaa kando, kama alivyokuwa akichuchumaa kutazama mstari wa ubavu wa mashua, akaangalia jinsi moto unavyofuata njia ambayo haionekani. Alipoinuka alinitazama mimi kwa mara ya kwanza.

Aliniuliza siku ile gesi ilikuwa imefika wapi. Nilimsogelea, nikainama, nikamwonyesha kwa mkono kwenye mguu wangu mwenyewe, hapa, chini ya goti. Akaangalia upindo wa kanzu yake.

"Na moto nilikuwa nao mkononi," akasema.

"Ulikuwa nao mkononi, baba."

"Na wachu wangu, watu wote wale, walikuwa nyuma yangu."

"Walikuwa nyuma yako."

Akamgeukia mkewe akamwuliza, kwa upole, kwa nini aliambiwa apumzike asiambiwe atakufa. Mama mkwe akasema hakuna mke mwema anayemwambia mumewe hivyo. Mwanaesha naye akasema kwamba hakuna binti mwema anayemtuma mamake ujumbe kama huo. Mzee akacheka, kicheko kifupi cha puani, akasema basi wema ungemuua.

Nataka mnisikilize hapa, nyinyi wa mitungi. Baada ya siku ile tulipojenga tangi la pili, Fundi Shee alichoma ubani siku ya kulijaribu kwa maji, wakati hakuna gesi hata tone, na fatiha ikasomwa, na chombo kikawa kimepata haki yake. Ilikuwa rahisi hivyo. Mila haikupungukiwa, kazi haikupungukiwa. Kilichotaka kumuua mtu ni kwamba hatukuambiana uso kwa uso. Kwa hiyo ukimwona mwenzako, au mkubwa wako, au baba yako, ana moto karibu na mtungi, usimtume mkeo.

Lakini siku ile Chovae mambo yalikuwa bado. Mimi nilipiga magoti kuomba radhi, maana nilikuwa nimekuja kuomba radhi na gesi haikubadilisha hilo. Nilisema nimemkosea adabu na sitarudia. Mzee akanishika mkono kwa nguvu akaniinua, na kiganja chake kilikuwa kigumu kwa lami.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Uliniita baba, sikusimama. Uliniita baba tena, sikusimama. Uliniita Shee, nikasimama. Sasa wewe waniapia nini? Usiniapie kwamba hutarudia. Ukiniona tena naelekea kule, niite hivyo hivyo, na kwa sauti ile ile."

Akamwambia Mwanaesha achukue nguo zake, mashua isije ikakwama maji yakikupwa.

Fundi Shee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliwanyoa wanangu wote nywele za utotoni, mmoja baada ya mwingine, na mpaka tunamzika, alhamdulillahi, sikuwa na haja ya kumwita ila baba.